Wakili wa Serikali kwenye kodi: uanzie TRA au Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali?

Chukua hukumu yoyote ya kodi ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, uangalie mahali wanapotajwa mawakili. Upande wa mlipakodi utakuta mawakili wa kujitegemea. Upande wa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato, TRA, utakuta majina yenye vyeo: Wakili wa Serikali, Wakili wa Serikali Mwandamizi, Wakili wa Serikali Mkuu. Ukisoma ukurasa huo peke yake huwezi kujua nani kati yao ana meza TRA na nani ametoka Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ile inayosimamia kesi za madai na usuluhishi za serikali. Ndiyo maana wahitimu wengi wa sheria huzihesabu ofisi hizi mbili kuwa kitu kimoja. Wanatuma maombi popote tangazo linapotokea, kisha wanajikuta mahali ambapo kodi waliyoipenda ni sehemu ndogo ya wiki yao. Wengine hupatwa na kinyume chake: walitaka kusimama mbele ya majaji, wakapewa makabrasha ya ukaguzi wa hesabu.

Kwa mtazamo wangu, swali la kujiuliza kabla ya kuomba ni moja: unataka faili la kodi likufikie lini? Likiwa bichi, siku mkaguzi anapoandika makadirio, au likiwa limeiva, siku pande mbili zinapoitana mahakamani? Mengine yote, mshahara, kituo cha kazi, aina ya usaili, yanafuata nyuma ya hilo.

Karatasi za kuingilia

Hapa tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Pande zote mbili zinataka Shahada ya Kwanza ya Sheria kutoka chuo kinachotambuliwa. Matangazo ya Wakili wa Serikali Daraja la II kwa kawaida yanadai pia uwe umemaliza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Mafunzo hayo leo maana yake ni Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo mtaani kila mtu anaiita Law School, iliyoundwa kwa sheria yake yenyewe, Sura ya 425. Uwe raia wa Tanzania, na matangazo mengi ya utumishi wa umma yanaweka ukomo wa umri wa miaka 45.

Usiipite Law School kama hatua ya kujazia fomu. Mwaka 2022 matokeo ya kundi moja yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kilichotokea. Kwa anayepanga maisha yake, somo la matokeo yale ni la kalenda. Usijipangie kwamba mwaka baada ya shahada utakuwa unaomba kazi. Panga pia uwezekano wa kurudia mitihani, na pesa ya kuishi wakati huo.

Je, ni lazima uwe umeapishwa kuwa wakili? Wakili wa Serikali anasimama mahakamani kwa nguvu ya ofisi yake, kwa hiyo kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu si sharti la kila tangazo. Hata hivyo, taasisi za umma zenye bodi na miundo yake mara nyingine huongeza sharti hilo. Ushauri wangu ni kwamba ukishafaulu Law School, maliza na safari ya kuapishwa. Utakuwa na sifa za pande zote mbili, na ukiajiriwa serikalini utakuwa umekubali tu kwamba hutachukua kesi za watu binafsi.

Kuna jambo dogo linalowaangusha wengi kabla hata hawajasomwa, nalo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cha kidato cha nne kina jingine, namba ya NIDA ina la tatu. Pale ambapo majina hayalingani unatakiwa uwe na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na kuipata kunachukua muda ambao tangazo la siku 14 halikupi. Vilevile hati ya matokeo ya muda haipokelewi badala ya cheti chenyewe, na shahada ya nje ya nchi inahitaji uhakiki wa Tume ya Vyuo Vikuu. Shughulikia haya leo, wakati hakuna tangazo.

Faili bichi na faili lililoiva

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, na ningependa tuuone kwa mfano.

Tuseme kampuni ya Tanzania imemlipa mshauri wa kigeni shilingi 200,000,000. Mshauri alifanya kazi yake akiwa kwao, akatuma ripoti kwa barua pepe, akalipwa, mambo yakaisha. Miaka miwili baadaye wakaguzi wa TRA wanapitia vitabu na kusema: malipo haya yalipaswa kukatwa kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka TRA, ya asilimia 15, yaani shilingi 30,000,000. Kampuni inakataa kabisa. Inasema huduma ilitolewa nje ya nchi, kwa hiyo chanzo cha mapato hayo hakiko Tanzania.

Mwanasheria wa TRA anaingia hapo hapo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, mlipakodi ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi, na ili lipokelewe anatakiwa alipe kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kampuni yetu inabishania yote, kwa hiyo theluthi ni shilingi 10,000,000, isipokuwa Kamishna Mkuu aridhike kwamba kuna sababu ya kupunguza au kusamehe amana hiyo. Mwanasheria anaangalia: pingamizi limekuja ndani ya siku? Amana imelipwa, au kuna ombi la msamaha? Mkataba unasema nini kuhusu mahali huduma ilipotumika? Anamkumbusha mkaguzi kwamba katika kesi ya kampuni ya mafuta ya Tullow, Mahakama ya Rufani iliukubali msimamo wa TRA kwamba huduma ikitumika hapa nchini, na malipo yakifanywa na mtu aliyeko hapa, chanzo kiko Tanzania hata kama mtoa huduma hakukanyaga ardhi yetu. Kisha anakaa na mkaguzi, wanarekebisha barua ya uamuzi mstari kwa mstari ili itaje kifungu sahihi na sababu zinazoeleweka.

Barua hiyo ndiyo moyo wa kesi nzima. Ikitoka na kasoro, hakuna ufasaha wa mahakamani utakaoiponya.

Kampuni isiporidhika inakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi linaloongozwa na jaji, kisha Mahakama ya Rufani. Mfumo huu umewekwa na Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, na una tabia mbili ambazo kila mwombaji wa kazi hii anapaswa kuzijua kama jina lake. Ya kwanza: mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa uko kwa mlipakodi, tofauti na mazoea ya kesi za kawaida ambako anayedai ndiye anayethibitisha. Ya pili: ukifika Mahakama ya Rufani, kinachosikilizwa ni hoja za kisheria tu. Ushahidi umeshafungwa huko chini.

Sasa mtazame Wakili wa Serikali wa Ofisi ya Wakili Mkuu. Ofisi hii ilianzishwa kwa amri ya Rais kupitia Tangazo la Serikali Na. 50 la mwaka 2018, sambamba na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka iliyoanzishwa kwa Tangazo Na. 49. Lengo lilikuwa kuwa na chombo kinachosimamia kesi za madai na usuluhishi za serikali, kazi ambayo awali ilikuwa idara ndani ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Yeye anapoletewa faili la ile kampuni, mashahidi wameshahojiwa, nyaraka zimeshapokelewa, barua ya uamuzi ilishaandikwa zamani. Kazi yake ni kuchukua kilichopo na kukijengea hoja: kifungu kinasomwaje, hukumu za awali zinasemaje, Baraza lilikosea wapi kisheria. Ni kazi ya kiwango cha juu na ina heshima yake. Lakini hakuna anachoweza kukiongeza kwenye ushahidi, na anayependa kuchimba ukweli wa hesabu ataona mikono yake imefungwa.

Tena faili la kodi halitakuwa peke yake mezani kwake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliweka sharti kwamba Mwanasheria Mkuu aunganishwe katika mashauri dhidi ya mashirika ya umma na serikali za mitaa. Kwa hiyo wakili huyo huyo ana mgogoro wa ardhi wa halmashauri, mkandarasi anayedai riba ya malipo yaliyochelewa, mtumishi aliyeachishwa kazi, na mwaka wa uchaguzi ana mashauri ya kupinga matokeo. Kodi itakuwepo, ila haitakuwa kila siku.

Upana huo una faida ambayo sitaki kuificha. Baadhi ya migogoro mikubwa ya kodi huwa inavuka mipaka ya kodi. Mwaka 2017 TRA iliidai kampuni ya uchimbaji dhahabu ya Acacia dola za Marekani bilioni 190, kodi pamoja na riba na adhabu. Suala hilo halikuishia kwenye hesabu za kodi. Lilikwenda kwenye usuluhishi na mazungumzo, na makubaliano na Barrick, kampuni mama ya Acacia, yaliyotangazwa Oktoba 2019 yalihusisha malipo ya dola milioni 300 na kuundwa kwa Twiga Minerals ambayo serikali ina asilimia 16 ya hisa. Jambo likifika hapo linahitaji mawakili wanaojua mikataba ya uwekezaji, mabaraza ya kimataifa na sheria za makampuni kwa pamoja. Aliyelelewa Ofisi ya Wakili Mkuu yuko karibu zaidi na ulimwengu huo.

Njia ya kuomba, na usaili

Ofisi ya Wakili Mkuu inaajiri kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa mfumo wa Ajira Portal. Utaratibu unajulikana: usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa mahojiano. Ukifaulu lakini nafasi zikawa zimejaa, jina lako linaweza kubaki kwenye kanzidata na ukaitwa baadaye nafasi ikipatikana, hata katika taasisi ambayo hukuiomba. Wapo waliopata kazi hivyo, kwa hiyo usiidharau kanzidata wala usibadilishe namba ya simu hovyo.

TRA nayo hutangaza kwa njia yake yenyewe pia, kwa hiyo fuatilia tovuti yao mbali na Ajira Portal. Mwaka 2025 ilitangaza nafasi 1,596 za kada mbalimbali, na walioomba walizidi laki moja. Katika umati wa namna hiyo, shahada ya sheria peke yake haikutofautishi na yeyote.

Maandalizi ya mitihani hii miwili yanapishana. Kwa Ofisi ya Wakili Mkuu, chimba mwenendo wa mashauri ya madai: pingamizi za awali, mamlaka ya mahakama, notisi ya siku 90 kwa serikali, kuongeza muda, uandishi wa viapo na hoja za maandishi. Kwa TRA, mwenendo huo wa kawaida unakusaidia nusu tu, maana Bodi ndiyo yenye mamlaka ya kwanza katika migogoro ya madai ya kodi na ina kanuni zake. Soma Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2014, Sheria ya Usimamizi wa Kodi, na kwa upande wa forodha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Soma pia Sheria ya Fedha ya mwaka husika. Kila Juni Bunge linapitisha mabadiliko na kuanzia tarehe 1 Julai kifungu ulichokariri kinaweza kuwa kimeshabadilishwa. Mtahiniwa anayejibu kwa kifungu cha mwaka juzi anajulikana mara moja.

Kuhusu lugha: tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza, lakini sheria za kodi tunazozitumia na hukumu nyingi zilizojenga msimamo wa kodi ziko kwa Kiingereza. Jizoeze kuisema hoja ile ile kwa lugha zote mbili. Jaribu kumweleza mtu asiye mwanasheria, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa nini mnunuzi wa huduma anawajibika kwa kodi ya muuzaji. Ukikwama, bado hujaielewa.

Hesabu: kinachomtenga mwombaji na wenzake

Wanasheria wengi walikimbilia sheria kwa sababu walikuwa wanaikimbia hisabati. Kodi inawarudisha palepale. Hutakiwi kuwa mhasibu, ila lazima uweze kufungua taarifa ya fedha ya kampuni na kuona kwamba gharama fulani imekatwa mara mbili, au kwamba mkopo kutoka kampuni mama una riba isiyo ya kawaida. Usipoweza, utakuwa mahakamani unamtegemea mkaguzi akunong'oneze, na wakili wa upande wa pili ataligundua hilo ndani ya dakika kumi.

Kwa anayelenga TRA, ningeweka stashahada ya uzamili ya kodi katika Chuo cha Kodi, Dar es Salaam, mbele ya shahada ya uzamili ya sheria kwa ujumla. Chuo hicho ni cha TRA yenyewe, na kinafundisha kodi kama inavyofanyika ofisini. Wapo wanasheria wanaokwenda mbali zaidi na kufanya mitihani ya CPA, cheti cha juu cha uhasibu, ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Ni mzigo mzito na wa miaka kadhaa, lakini mwanasheria mwenye CPA ni adimu, na adimu huyo huitwa kwenye kila faili gumu. Kwa anayelenga Ofisi ya Wakili Mkuu, nafasi hiyo ya masomo ningeitumia kwenye usuluhishi wa kimataifa au sheria za uwekezaji.

Mshahara, kituo na mwendo wa kazi

TRA ina muundo wake wa mishahara, na kwa kawaida uko juu ya ule wa serikali kuu. Sitazunguka: kwa kijana mwenye wadogo wa kusomesha, hilo lina uzito, na hakuna aibu kulihesabu. Ofisi ya Wakili Mkuu inafuata madaraja ya utumishi wa umma, na kupanda kwake kunaeleweka vizuri: Daraja la II, la I, Mwandamizi, Mkuu.

Makao makuu ya TRA yako Dar es Salaam na ofisi zake ziko kila mkoa. Ofisi ya Wakili Mkuu ina makao Dodoma na ofisi mikoani. Pande zote mbili utasafiri kufuata vikao. Pande zote mbili pia utabeba siri za watu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inakataza kutoa taarifa za mlipakodi nje ya utaratibu, na nasisitiza hili kwa sababu kishawishi hakiji kwa sura ya rushwa kubwa. Kinakuja kama rafiki wa chuo anayeuliza tu "faili la bosi wangu limefikia wapi?"

Milango mingine

Anayevutiwa na jinai ya kodi, mashine za risiti za kielektroniki, nyaraka za kughushi, makosa ya uhujumu uchumi, aangalie Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Anayependa kuandika sheria kuliko kuzipigania, Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ndiko Muswada wa Sheria ya Fedha unakoandikwa, na hiyo ni kazi ya kodi ambayo vijana wachache huifikiria. Zanzibar kuna Mamlaka ya Mapato Zanzibar yenye sheria zake za kodi za ndani.

Nani aende wapi

Ikiwa ulifurahia somo la kodi chuoni kiasi cha kusoma majedwali ya mwisho wa sheria, nenda TRA. Utajifunza kodi kwa kina ambacho hakuna ofisi nyingine ya serikali itakupa, na utakuwa na nguvu ya kuzuia kesi mbovu isizaliwe, jambo ambalo kwangu lina thamani kubwa kuliko kushinda kesi nzuri. Mlipakodi aliyekadiriwa kimakosa anapata haki yake haraka zaidi kwa mwanasheria mwadilifu ndani ya TRA kuliko kwa rufani itakayochukua miaka.

Ikiwa unachokipenda ni mahakama, na kodi unaipenda kama moja ya mambo magumu ya kubishania, Ofisi ya Wakili Mkuu itakulea vizuri. Utasimama mbele ya majaji mapema na mara nyingi.

Kwa ambaye bado hana uhakika, mimi ningemshauri aanze TRA. Aliyeanza na faili bichi anaweza baadaye kwenda kulitetea likiwa limeiva, na uhamisho ndani ya utumishi wa umma upo kwa kibali. Aliyezoea miaka kumi ya hoja za kisheria pekee hurudi kwenye vitabu vya hesabu kwa shida zaidi.

Kabla ya kuamua, ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Hukumu za Bodi, Baraza na Mahakama ya Rufani zimo humo bure. Chagua mgogoro mmoja uliopita ngazi zote tatu, soma uamuzi wa Bodi hadi wa Mahakama ya Rufani, ukiandika pembeni ni hatua ipi ilikufanya usahau kula.